Mkazamwana wa Nyumba Isiyo na Mwana

Bibi yule aliwatokea saa kumi na moja jioni, Otieno akipuliza moto na Helen akichambua dagaa wa omena, mahali ambapo hawakutarajia kabisa kuona binadamu. Nyuma yao kulikuwa na genge la Kanyamwa waliloliteremka mchana kutwa. Mbele yao bonde la Lambwe lilitandaza nyasi zake kavu mpaka macho yakachoka kuzifuata. Kwanza nyasi zilitikisika. Otieno akashika panga, kwa kuwa saa moja kabla ya hapo walikuwa wamepita kinyesi cha nyati kilichokuwa bado kibichi. Kisha kikachomoza kitambaa cha kichwa chenye maua mekundu, kikafuatwa na uso wa mwanamke mzee, na mwisho fimbo.

"Hodi wenye moto," alisema kwa Kiswahili cha sokoni. "Mmepikia watu wawili tu, ama mtaongeza maji?"

Otieno aliliweka panga chini, akacheka kwa haya. "Karibu, dani. Maji hayatoshi, lakini omena zipo."

Alimwita dani, yaani bibi, kama Mjaluo yeyote aliyelelewa vizuri anavyomwita mwanamke wa umri ule. Helen alimtandikia koti la mvua akae. Alipoona anakanyaga kwa upande mmoja, alimvua kiatu bila kuuliza. Mwiba ulikuwa umeingia kisiginoni, mguu umevimba mpaka kwenye fundo. Helen aliichoma pini motoni, akauinamia ule mguu kwa muda mrefu, ulimi umebanwa kwenye meno. Mwiba ukatoka.

"Vidole vyako ni vyepesi," bibi akasema. "Umefunzwa na mama ama na shule?"

"Shule ilinifunza chaki tu, mama. Miiba nilifunzwa nyumbani."

Bibi alicheka mpaka mabega yakatikisika. Kisha akatazama bonde kwa namna ya mtu anayelisikia zaidi ya kuliona. "Kesho mnavuka?"

"Tunavuka alfajiri."

"Na mimi nataka kufika barabara ya Mbita. Lakini macho yangu haya, mtu akisimama pale ninaona nusu yake. Na huko chini nimeambiwa kuna nyati. Mtaniruhusu nifuate nyuma yenu?"

"Nyuma yetu kufanya nini?" Helen alimjibu, akimfunga kisigino kwa kitambaa chake mwenyewe cha shingoni. "Nitakushika mkono. Sitakuachia mpaka miguu yako yote miwili ikanyage barabara."

Aliyasema hayo kama mtu anavyomwambia mgeni ongeza ugali. Hakuyapima.

"Na unatoka wapi, dani?" Otieno akauliza akikoroga sufuria.

"Mbali. Ukipita Kehancha unaendelea kupanda, karibu na Ntimaru. Mimi ni Nyasuguta, mjane wa Monari. Natafuta mkazamwana wangu. Ametoroka."

Helen alitia chumvi kwenye omena. Baada ya kitambo akatia tena, asijue kwamba alishatia.

Jina hilo alilijua kuliko alivyojua la shangazi zake. Huko Ukuria, mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume hafi na nyumba yake. Anaweza kupeleka ng'ombe kwa watu, akaoa msichana aje nyumbani kwake kama mke wa mwana ambaye hakuzaliwa. Watoto atakaowapata huyo msichana wataitwa kwa jina la nyumba ile. Mwaka uliopita, mwezi wa tatu, wazee walifika kwa baba yake Helen na ng'ombe wa Nyasuguta. Nyasuguta mwenyewe alikuwa kitandani, mgonjwa, hakuja. Ng'ombe hawakulala hata wiki moja. Walipelekwa kwa kina Scovia kuwa mahari, na Scovia akaolewa na Maroa, kaka yake Helen wa pekee. Helen aliomba amalize mwaka wa kufundisha shuleni, akakubaliwa. Mwaka ulipokwisha, Februari hii ya tisini na saba, alipanda gari la asubuhi mpaka Suna, ambako Otieno alikuwa akimngoja na mabegi mawili ya mgongoni.

Otieno alikuwa ametoka chuo kikuu na karatasi nzuri isiyo na kazi. Chama kimoja cha watembeaji kilimpa kibarua cha kutafuta njia ya miguu kutoka Kehancha mpaka Kendu Bay, njia ambayo siku moja watu wangekuja kuitembea kwa furaha tu. Alipaka mawe rangi ya manjano na kuandika kila mnyama aliyemwona. Alimjua Helen siku alipoingia shuleni kwao kuuliza njia, akarudi kuiuliza mara nne zaidi. Sasa walikuwa siku ya tano njiani, mahema mawili na moto katikati. Kenge alikuwa amewaibia samaki kando ya mto Migori. Nyani walikuwa wamewapokonya mkate kwenye mashamba ya miwa ya Ndhiwa, mmoja akakaa juu ya mti akiula huku anamtazama Otieno kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji. Helen hakuwahi kucheka vile maishani. Siku tano hizo alikuwa ameanza kuamini kwamba dunia ni pana.

*

Kulipopambazuka, Nyasuguta akiwa bado amelala ndani ya hema la Helen, Otieno alimvuta Helen kando.

"Ni yeye."

"Najua ni yeye."

"Na hakujui."

"Hajawahi kuniona. Nimemwambia naitwa Helen, na nyumbani hawaniiti hivyo."

"Basi unataka bahati gani tena? Kuna boma la wafugaji hapo juu. Tumpeleke, tumwachie unga na majani ya chai. Saa sita tuko ng'ambo. Keshokutwa tuko kwa mama yangu Kendu Bay, na pasta wa kutuoza anatungoja Jumamosi."

"Nilimwambia nitamshika mkono."

"Ulimwambia kabla hujamjua!"

"Na sasa nimemjua, mguu wake umepona?"

Otieno alijishika kichwa. "Helen, huyu mtu akivuka bonde kwa mkono wako, atakuvusha wewe mpaka Ntimaru. Huoni?"

"Naona."

"Sasa?"

Helen alimtazama tu, jinsi ndevu changa zilivyoota bila mpango kwenye kidevu chake, jinsi rangi ya manjano ilivyoganda kwenye kucha. Otieno naye aliyaona macho hayo, hasira ikamtoka kama upepo kwenye baiskeli.

"Utanimaliza kwa huo wema wako, jaherana," alisema polepole. Mpenzi wangu, ndivyo alivyomwita kwa lugha ya kwao, na kila mara Helen alihisi neno hilo likimgusa nyuma ya shingo. "Haya. Tumvushe. Lakini usimwambie jina la baba yako, hata akuulize kwa kukubembeleza."

*

Walivuka kwa mstari, Otieno mbele na panga, Helen na bibi nyuma wameshikana mikono. Nyasi ziliwafika mabegani. Hapa na pale palining'inia vitambaa vya buluu vya kunasia mbung'o, na mbung'o wenyewe walivipita wakaja kwenye shingo za watu.

Twiga watano waliwaona kwanza. Walisimama kwenye migunga, wakawatazama kwa utulivu wa wazee wa kanisa.

"Ni nini hicho kirefu?" Nyasuguta akauliza. "Miti inatembea?"

"Twiga, mama."

"Ehe. Wanatutazama vibaya?"

"Wanayashangaa mabegi."

"Hata mimi ningeyashangaa. Mtu mzima kubeba nyumba mgongoni na hajafukuzwa na mtu!"

Otieno alicheka. Helen alijaribu, akashindwa. Mkono wa bibi ulikuwa mkavu na mwepesi, na ulimshika bila kumbana, kama mkono wa mtu aliyezoea kupoteza vitu.

Saa tatu hivi waliingia bondeni kabisa, mahali nyasi zilipokuwa zimelala. Otieno alisimama ghafla. Hatua kama thelathini mbele yao, matopeni, alikuwa amelala nyati dume mmoja, mkongwe, pembe zimekatika ncha, peke yake. Akanyanyuka. Matope yalimdondoka ubavuni. Akainua pua.

Miguu ya Helen ilitaka kukimbia kabla yeye mwenyewe hajataka. Alihisi begi likimvuta nyuma.

"Wegesa!" Sauti ya bibi ilikuwa ya chini, kali, na ilikuwa kwa Kikuria. "Wegesa, simama. Upepo unatoka kwake, hajatunusa. Dume la pekee hulifukuzi wala hulikimbii. Shusha macho."

Helen alisimama. Mbung'o alitua shingoni pake, akazamisha mdomo taratibu, naye hakuinua mkono. Nyasuguta aliguna kwa kooni, mguno mrefu wa mchungaji anayemtuliza fahali zizini. Nyati alisikiliza. Alipiga kwato mara moja, akageuka nusu, akafikiri, kisha akaondoka akipasua nyasi kama lori lililoacha njia.

Otieno hakujua Kikuria, lakini jina la nyumbani la Helen lilikuwa limemfikia. Alimtazama Helen, na uso wake ulikuwa umepauka kuliko wakati nyati alipokuwa hapo.

"Ulinijua tangu lini?" Helen akauliza.

"Tangu Suna," Nyasuguta akasema. Alikuwa amekaa chini, anapumua kwa shida. "Nilikuwa nauliza tu: mmeona wawili wamebeba nyumba mgongoni? Kila mtu amewaona! Mngetoroka na debe la maji kichwani hakuna ambaye angewakumbuka."

"Na jana ulijifanya hunijui."

"Jana nilitaka kuona uso, mwanangu. Nilitaka kuona utamfanya nini mzee usiyemjua. Ukanitoa mwiba." Akakigusa kitambaa cha kisiginoni. "Nilikuwa nimeomba uwe mbaya. Ungekuwa mbaya, ningelala vizuri."

Helen alipiga magoti mbele yake. Machozi yalikuja bila kuombwa. "Niachilie, mama. Niache niende. Wewe ndiye uliyetoa ng'ombe, neno lako linatosha."

"Neno langu!" Bibi alimfuta machozi kwa kidole kikavu. "Ng'ombe wa Monari si wangu peke yangu. Nikinyamaza mimi, shemeji zangu hawatanyamaza. Watawataka warudi. Na wako wapi? Wako kwa kina Scovia. Wakitoka kule, Scovia anarudi kwao. Na yule mtoto?"

Helen aliinamisha kichwa. Mtoto wa Scovia alikuwa na miezi miwili. Yeye ndiye aliyempokea kwa khanga siku alipozaliwa, kwa sababu mkunga alikuwa amechelewa. Maroa alikuwa amesimama nje ya mlango akilia kama msichana. Kila mara Helen alipofikiria Kendu Bay, alijilazimisha asimfikirie mtoto yule, na kwa siku tano aliweza.

"Dani," Otieno akasema. Alikuwa amechuchumaa, panga limelala magotini. "Mimi nitafanya kazi. Nitalipa ng'ombe wote hao, nipe miaka."

"Wewe ni mtoto mzuri," Nyasuguta akamjibu kwa Kiswahili. "Lakini mimi sina miaka ya kukupa. Daktari alinihesabia mvua mbili. Nikifa kabla mtoto hajalia nyumbani mwangu, mlango unafungwa. Jina la Monari halitaitwa na mtu tena. Unadhani napenda kuwafuata watu porini na mguu huu?"

Otieno hakuwa na adui wa kugombana naye. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Ni hapo walipowaona korongo.

Walitoka kwenye kichaka kimoja baada ya mwingine, saba, swala wakubwa wa rangi ya udongo mwekundu, pembe zimepinda nyuma, nyuso nyeusi na nyeupe kama za wachezaji waliojichora. Omoro, Wajaluo huwaita. Nchi nzima, Otieno alikuwa amemwambia Helen, wamebaki bonde hili tu, wachache wa kuhesabika. Kwa ajili yao alikuwa ameipindisha njia yote ipite hapa. Usiku wa kwanza kule Suna alikuwa amesema, nikikuonyesha korongo nitakuwa nimekupa kitu ambacho hakuna mtu atakuvua.

"Hao," alimwambia sasa, akinyoosha kidole. "Hao ndio."

Helen aliwatazama. Mmoja, jike, alisimama na ndama wake ubavuni, masikio marefu yakiwageukia. Walikuwa wazuri mno. Helen alimtafuta Otieno kwa mkono, akapata vidole vyake, na wakawa wamesimama hivyo, wanatazama, mpaka korongo wa mwisho alipoingia nyasini.

"Huandiki?" akamuuliza.

"Sitaandika."

"Andika, Otieno. Watu watakuja. Watataka kujua."

Alitoa daftari. Aliandika saba, akaweka tarehe, na kalamu ikatoboa karatasi.

*

Walifika mto Olambwe jua likiwa utosini. Maji yalikuwa ya magotini. Otieno alimbeba bibi mgongoni, begi lake likabebwa na Helen kichwani. Ng'ambo, chini ya miti, Nyasuguta alimshika Otieno begani asitangulie.

"Ngojeni. Kuna jambo sikuwaambia. Shemeji zangu wawili wako barabarani. Mimi nilikuja kwa miguu nyuma yenu, wao wakazunguka na pikapu kupitia Homa Bay. Tulisema tutakutana leo."

Kutoka pale mtoni hadi barabarani nyasi zilikuwa zimechomwa. Ardhi ilikuwa nyeusi, tambarare, bila hata kichaka cha kuficha sungura. Mbali, kwenye mstari wa barabara ya murram, doa jeupe liling'aa juani.

"Mkifuata mto huu kushoto mtafika vilima vya Gwassi," Nyasuguta aliendelea. Alizungumza haraka, kama anayeogopa kubadili nia. "Huko kuna ziwa, kuna mashua. Nendeni. Nitasema sikuwapata. Nitasema macho yangu ni mabovu, na si uongo."

"Na Scovia?" Helen akauliza.

"Nitajaribu. Siwezi kuapa."

"Na wewe utafikaje pale?"

"Nitafika ama sitafika."

Alijaribu hatua moja ili kuwaonyesha. Mguu ulikataa, akashika mti. Kitambaa cha shingoni cha Helen kilikuwa kimelowa damu na maji.

"Mimi nitampeleka," Otieno akasema. "Wewe kaa hapa kwenye miti. Nampeleka, narudi, tunaondoka."

"Wewe?" Nyasuguta akatikisa kichwa. "Wamekuja na rungu kwa ajili yako, mwanangu. Yule Mjaluo aliyeiba nyumba ya ndugu yetu, ndivyo wanavyokuita. Hawatakusikiliza. Na mimi nikiwapigia kelele, nani amewahi kusikia kelele za mjane?"

"Wanipige basi."

"Hapana!" Helen alipaza sauti mpaka ndege wakaruka. "Hapana, Otieno. Kitu kimoja tu niachie, nijue uko mzima mahali."

Alianza kufungua mikanda ya begi. Vidole vyake vilivyotoa mwiba jana sasa havikuweza kufungua kifungo. Otieno alimfungulia. Begi lilipotoka, Helen alihisi mgongo wake umekuwa mwepesi mno, kama wa mtu mgonjwa.

"Ulisema ndiyo kwangu," Otieno alinong'ona. "Kule Kehancha, nyuma ya darasa. Hiyo si ahadi?"

"Ni ahadi."

"Kubwa kuliko ya huyu."

"Kubwa sana." Alimshika uso kwa mikono yote miwili, mbele ya mzee, bila aibu. "Ile kubwa nimeshindwa. Ukiniacha nimwache mama huyu kwenye majivu, nitakuwa nimeshindwa zote mbili. Utaoa mtu gani, Otieno? Utanitazama asubuhi kila siku uone nini?"

"Nitaona wewe."

"Utaona aliyetoroka. Halafu siku moja utasikia Maroa anamlea mtoto peke yake, na hutaniambia, na mimi nitajua kwamba hukuniambia."

Otieno alilia. Hakujificha. Alikuwa kijana aliyeamini kwamba njia ikipakwa rangi vizuri, watu wote watafika, na sasa alikuwa amesimama penye jiwe ambalo halikupakwa rangi.

"Maliza njia," Helen akamwambia. "Ifikishe Kendu Bay. Mama yako asikungoje bure."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie niliwaona korongo."

Alimwacha chini ya miti, mabegi mawili miguuni pake. Hakugeuka, kwa sababu alijijua.

Walitembea kwenye majivu, Nyasuguta amemwegemea begani na uzito wake wote mdogo. Kila hatua ilitimua vumbi jeusi. Walipofika nusu, bibi alisimama.

"Bado unaweza kurudi. Niketishe hapa. Wataniona."

"Huku nyuma uliona nyati mmoja, mama. Kuna wengine."

"Wegesa. Nitakuwa mama mzuri kwako."

"Najua," Helen akajibu, na alijua, na haikumsaidia kitu.

Wanaume wawili walishuka kwenye pikapu. Mmoja alitupa sigara. Walisimama ukingoni, wakimtazama msichana jinsi mtu anavyomtazama mnyama aliyevunja ua akarudi mwenyewe, kwa mshangao kidogo. Hakuna aliyeteremka kusaidia. Ukingo wa barabara ulikuwa na mtaro. Helen aliingia mtaroni kwanza, akamkumbatia bibi kiunoni, akamnyanyua. Mguu mzima ulikanyaga murram. Ule mbovu ukabaki ukining'inia, unaogopa.

"Haya, twende," mwanaume mmoja alisema, akimkamata Helen mkono. "Ingia gari."

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini?"

Helen aliinama, akaushika ule mguu uliovimba kwa mikono yake miwili, akauweka barabarani taratibu mpaka kisigino kikatulia.

"Umefika, mama," akasema. Ndipo akamwachia.